Tangi la matumbawe nyumbani: maji ya kujazia yasiwe ya bahari

Wateja wetu wa Nyali, Bamburi na Mtwapa huuliza swali ambalo wa Nairobi hawana haja nalo: bahari iko hapo nje, ya nini kununua chumvi ya mfuko ya kutengenezea maji ya bahari na mashine ya kuchuja maji? Swali ni la haki. Maji ya bahari yanafaa kuanzishia tangi. Balaa huja wiki ya pili, maji yanapopungua na mtu akashuka ufukweni na ndoo kwenda kuyaongeza.

Kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi hubaki tangini. Chukua tangi la lita 100 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita: hizo ni kilo 3.5 kwa jumla. Likipigwa na feni, hupoteza lita moja na nusu kwa siku bila taabu, karibu lita 10 kwa wiki. Ukizirudisha kwa maji ya bahari umeongeza gramu 350 za chumvi, na sasa kila lita ina gramu 38.5. Wiki inayofuata ni 42. Samaki huvumilia kwa muda, lakini konokono hulala chali na matumbawe laini hukataa kufunguka, na mwenye tangi huanza kulaumu taa.

Kwa hiyo bandika selotepu kwenye kioo pale maji yalipofika siku ya kwanza, kisha kila siku jazia maji yasiyo na chumvi hadi alama hiyo. Maji ya bahari au ya chumvi ya mfuko ni ya kubadilishia: unatoa lita 10, unarudisha lita 10, mara moja kwa wiki.

Ya kujazia nayo yasitoke bombani. Bomba lina klorini, visima vingi vya Pwani vina chumvi na chokaa, na fosfati ikiingia kila siku hulisha mwani. Tumia mashine ya RO (husukuma maji kupitia utando wa kuyachuja) yenye kichujio cha resini mwishoni, na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Maji ya chupa ya kunywa hayafai, kwani mengi yamerudishiwa madini.

Ukianza na maji ya bahari, yachote nje ya mwamba wakati bahari imejaa. Usichote karibu na mkono wa bahari wa Tudor wala bandari ya Kilindini, wala siku za masika mito inapoteremsha matope. Yafunike gizani wiki mbili, kisha nyonya ya juu kwa mpira na uache machicha chini. Ukitumia chumvi ya mfuko, weka kama gramu 37 kwa lita, yazungushe kwa pampu siku nzima, upime kwa refraktometa (kifaa cha kupimia chumvi) iliyorekebishwa kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35 kwa elfu. Unalenga uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganishwa na maji matupu. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha, usijaribu.

Mawe yasitoke baharini. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, Watamu au Kisite hairuhusiwi kuokota chochote, hata ganda la kombe, na biashara ya matumbawe magumu kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Mawe makavu ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi yanatosha: chagua mepesi yenye matundu mengi, sugua, loweka wiki nzima ukibadilisha maji. Kilo 10 zinatosha kwa lita 100. Jiwe zito lisilo na matundu ni pambo tu, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji huishi ndani ya matundu hayo.

Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaana, na hapa ndipo subira huwashinda wengi. Ili kuwalisha, tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Itashuka, nitriti itapanda, kisha nitriti nayo itashuka na kuacha nitrati. Tia tena dozi hiyo; ikiisha ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote zikawa 0, badilisha theluthi ya maji na tangi liko tayari. Unga wa kahawia utakaofunika mchanga siku hizo ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana. Mara nyingi huondoka wenyewe.

Hita mjini Mombasa haihitajiki. Taabu ni joto la kaskazi. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni juu ya maji hupunguza nyuzi 2 au 3, pungufu ya hapo hewa ikiwa na unyevu mwingi. Wa Nairobi ndio wa hita, wati 100.

Stima ikipotea, oksijeni ndiyo huisha kwanza. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki. Kichujio cha kopo kikikaa saa nyingi bila maji kupita, kifungue na ukisuuze kabla ya kukiwasha, la sivyo kitamwaga uozo tangini. Nyaya zote zining'inie chini ya plagi kwanza ndipo zipande, ili tone lisitiririke hadi kwenye umeme.

Wa kwanza kuingia ni konokono wanne au watano, kisha klaunfishi wawili. Aina yao iitwayo Amphiprion akallopisos, yenye mstari mweupe mgongoni, anapatikana maji yetu. Uliza muuzaji kama ana leseni. Samaki aitwaye kangaja wa buluu tunaombwa kila wiki, na jibu ni hapana: anahitaji tangi la lita 400 au zaidi. Matumbawe laini yasubiri hadi tangi liingie mwezi wake wa tatu.

Kipimo kikikutatiza, leta nusu lita ya maji ya tangi kwenye chupa safi, isiyowahi kuwa na soda, siku hiyohiyo uliyoyachota.