Nani Atatuvingirishia Jiwe? Salamu za Pasaka kutoka Tororo

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nawasalimu kutoka Tororo, mvua zikiwa zimeshika na maharagwe yameanza kuchipua. Magari yatokayo Kampala yamejaa watu wanaorudi nyumbani kula sikukuu, ingawa nauli, kama mjuavyo, hupaa siku hizi bila kungoja zile siku arobaini ambazo Bwana alingoja kabla ya kupaa.

Mwaka huu nimekwama kwenye mstari mmoja wa Injili ya Marko, sura ya 16. Maria Magdalene, Maria mama yake Yakobo na Salome wanakwenda kaburini alfajiri wakiwa na manukato, na njiani wanaulizana ni nani atakayewavingirishia jiwe. Swali hilo wanaulizana wakiwa tayari safarini. Hawakuwa na mtarimbo wala wanaume wa kuwasaidia, na Marko mwenyewe anasema jiwe lilikuwa kubwa mno. Zamani niliisoma kama habari ya ujasiri wa akina mama, lakini siku hizi naisoma kama habari ya watu walioishiwa, nami nikiwa mmoja wao.

Kwa miaka saba sikusemezana na ndugu yangu wa tumbo moja kwa sababu ya mpaka wa shamba tuliloachiwa na marehemu baba. Yeye aliusogeza hatua mbili. Mimi nikausogeza tatu, usiku, nikiwa mzee wa kanisa. Kila Kwaresima niliweka nadhiri ya kupatana naye. Kila Ijumaa Kuu nililia katika Njia ya Msalaba, machozi ya kweli kabisa, na Jumatatu ya Pasaka nikampita barabarani nikijifanya natazama ng'ombe. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba lile jema alipendalo halitendi, na lile baya asilolipenda ndilo analolitenda. Nilikuwa nimelifundisha fungu hilo mara nyingi bila kujua kwamba linanihusu. Nilidhani Mungu angenisamehe baada ya mimi kujirekebisha, kwa hiyo kila mwaka nilifagia vizuri uwanja wa mbele ya kaburi, jiwe likiwa pale pale.

Sisi wa Uganda tunalo kaburi jingine tupu la kukumbuka. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, mlima wa kanisa kuu jijini Kampala, kando ya lile la Askofu James Hannington, mmisionari aliyeuawa mwaka 1885, lakini mwili haukuletwa; ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kule Kitgum. Waumini waliokusanyika mlimani walijikuta wamesimama mbele ya shimo lisilo na mtu, na maneno ya malaika, kwamba hayupo hapa, yakawa na uzito ambao mahubiri hayawezi kuyapa.

Rafiki yake Luwum, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbia kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Baadaye, akiwa uhamishoni, alikiri kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa ukimla moyoni, na kwamba haukuondoka mpaka alipomtazama tena yule aliyewaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Hakusema kwamba Amin hakukosa. Damu ilikuwa imemwagika, na msalaba wenyewe unatuonyesha kwamba dhambi haifutwi bure bure, kwani mtu alilipa. Ikiwa askofu wa namna ile hakuweza kujivingirishia jiwe lake, sijui mimi nilitegemea nini.

Siku nilipochoka nilisimama katika ushirika wetu, na badala ya kueleza jinsi nilivyokosewa, nikasema tu kwamba siwezi. Nilieleza na habari ya usiku ule wa hatua tatu. Balokole, wale waumini wa uamsho ulioenea kwetu tangu miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya kuungama mbele ya watu na kisha kurudisha walichoiba. Kuungama hadharani kunaweza kugeuka kuwa maonyesho, na sisemi kwamba kuungama kwetu hakukuwahi kugeuka, lakini ile sehemu ya pili, ya kurudisha, nadhani tumeiacha kwa hasara. Asubuhi yake nilichukua jembe na panga, nikang'oa mimea ya mpaka niliyoisogeza, nikairudisha ilipokuwa. Ajabu ni kwamba sikujilazimisha. Kitu nilichokipigania miaka saba kilikuwa kimepoteza ladha, na sikuwa nimekifanyia lolote isipokuwa kukiri.

Ndugu yangu alinitazama kwa mbali, kisha akauliza kama nimeugua. Hakunikumbatia. Ilipita miezi kadhaa kabla hajaingia nyumbani kwangu, na zile hatua zake mbili alizirudisha mwaka uliofuata bila kusema neno.

Jumapili hii atakula nasi yeye na watoto wake, na kuku amekwisha kuchaguliwa. Kuhusu mwembe uliosimama katikati ya mpaka bado hatujakubaliana. Kwa sasa maembe yanaliwa na watoto wa pande zote mbili.

Nawatakia ninyi na jamaa zenu Pasaka njema, na wale walio safarini wafike salama. Kristo amefufuka. Amefufuka kweli kweli, aleluya.