Barua ya wazi kwa mhandisi wa maji wa wilaya: andika pampu ya kupimia bomba kwenye mkataba

Ndugu Mhandisi,

Tunakuandikia kuhusu mstari mmoja ulioko karibu na mwisho wa BOQ (orodha ya kazi na bei za zabuni) za miradi ya maji vijijini: "kupima bomba kwa presha, jumla". Haitajwi aina ya pampu, wala uwezo wake, wala mahali pa kufunga geji ya kusomea presha. Mkandarasi anakuja na pampu aliyonayo, kisha wewe unaletewa karatasi ya kusaini. Tunaomba mstari huo uandikwe upya kabla ya zabuni ijayo.

Chukua bomba jeusi la plastiki ya HDPE la milimita 110, PN10 (yaani la presha ya kazi ya bar 10; bar ni kipimo cha presha), kipande cha mita 500, linalopimwa kwa bar 15. Likijaa linabeba takriban lita 3,700. Kulifikisha bar 15 kunadai nyongeza ya kama lita 100, kwa sababu plastiki inatanuka. Bomba la chuma la ukubwa huo lingeridhika na lita 4 tu! Pampu ya mkono hutoa kama mililita 45 kwa mvuto mmoja. Kwa mivuto 40 kwa dakika, fundi atavuta karibu saa nzima bila kupumzika, na muda wote huo plastiki inaendelea kutanuka. Kanuni ya Ulaya ya mabomba ya maji, EN 805, inataka presha ifike ndani ya dakika 10. Kwa hiyo hapa inahitajika pampu ya pistoni yenye injini, inayotoa lita 12 hadi 15 kwa dakika ikiwa kwenye bar 20. Ya mkono ibaki kwa mabomba ya chuma na kwa kumalizia bar ya mwisho.

Wengine wanakosea upande wa pili: wanaunganisha pampu ya kuzamisha kisimani. Yenye uwezo wa kusukuma hadi mita 120 haitavuka bar 12 hata ikikesha. Kazi yake ni kujaza, na kujaza kuna adabu yake: anzia bondeni, nusu lita kwa sekunde, kipande kile kijae kwa saa mbili hivi, vali za hewa zikiwa wazi kila kilima mpaka maji yatoke bila kutema. Lita 100 za hewa zilizonaswa juu zitameza karibu lita 94 za maji kabla ya kufika bar 15. Ubaya zaidi, hewa iliyobanwa hutunza nguvu. Kiungo kikiachia, kifuniko cha mwisho kinaruka kama risasi. Watu wasisimame mbele yake kamwe.

Geji ifungwe mahali pa chini kabisa pa kipande. Mara nyingi pampu huwekwa juu, karibu na tenki, kwa kuwa ndiko gari linakofika. Bonde likiwa mita 60 chini, geji ya juu inasoma 15 huku bomba la bondeni linabeba 21. Geji iwe ya bar 0 hadi 25, isomeke hadi bar 0.2, na ikae kwenye bomba lenyewe, baada ya vali isiyorudisha maji. Ikifungwa kwenye kichwa cha pampu, mshale utacheza kwa kila pigo la pistoni.

Kudhibiti kupanda kwa presha ni kazi ya koki ya kurudisha maji kwenye pipa: iwe wazi kabisa pampu inapowashwa, ifungwe polepole. Vali ya usalama iwekwe bar 16, iweze kupitisha maji yote ya pampu, na ijaribiwe hapo hapo saiti kabla ya kuunganisha bomba.

Kosa linaloumiza zaidi ni kusoma HDPE kama chuma. Presha yake itashuka hata pasipo tone linalovuja. Mkandarasi mwaminifu anachimbua mita 500 akitafuta uvujaji usiokuwepo. Mwingine anaongeza maji kila dakika kumi na kuuficha uliopo. Utaratibu ni huu: bomba lililojaa lipumzike dakika 60. Lipandishwe presha, lishikiliwe bar 15 kwa dakika 30 kwa kuongeza maji, kisha lifungwe dakika 60. Likishuka chini ya bar 10.5, simamisha utafute sababu: hewa, uvujaji au joto la jua. Likivumilia, fungua upesi upunguze presha kwa bar 2, na maji yanayotoka yapimwe kwenye ndoo. Yakizidi takriban lita 17, kuna hewa ndani. Halafu angalia dakika 30. Mshale ukipanda kidogo na kutulia, bomba ni zima. Ukianza kushuka, linavuja.

Kazi ianze saa 12 asubuhi kabla jua halijalichoma bomba. Viungo viwe wazi, katikati pamefukiwa, zege la kushikilia kona liwe na siku saba. Mwisho wa bomba uzibwe kwa flanji butu (kifuniko cha kufunga kwa bolti), si kwa geti vali iliyofungwa.

Ambatanisha na cheti jedwali la presha ya kila dakika tano, ujazo wa ile ndoo, na kimo cha mahali geji ilipofungwa. Haya yakiwamo kwenye zabuni, kila mkandarasi atatafuta pampu sahihi kabla hajaandika bei yake.

Wako katika kazi,
Mafundi wa mabomba ya maji