Somo la Alhamisi: kutenga na kurudisha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi saa 11 jioni tunasoma 1 Wakorintho 5 pamoja na 2 Wakorintho 2:4-11. Tafadhali msisome moja mkaacha nyingine. Kwanza Paulo anaagiza aliyekuwa na mke wa baba yake aondolewe kanisani. Baadaye anaandika juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa: asamehewe, afarijiwe, asije akamezwa na huzuni. Kama ni yule yule, wataalamu hawakubaliani, tutajadili.

Sisi kutenga tunakujua sana (tusidanganyane). Lakini aliyetengwa, nani humtembelea? Nanyi mnaosema "Mungu ni upendo" kila dhambi ikiguswa, njooni pia. Paulo alikemea, tena kwa machozi mengi.

Majina ya watu yasitajwe humu kikundini. Mje na Biblia na kalamu.