Kifaa cha kupima sumu kiletwe mferejini

Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 22 huu na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita, ya kifaa cha mkononi kinachotambua mabaki ya viuatilifu, yaani dawa tunazopulizia mashambani, kwenye maji kwa dakika chache, imenifanya nishindwe kunyamaza. Mwandishi kasifia mwanga wa leza mwanzo hadi mwisho, asiulize hata mara moja kitatufikia lini sisi tunaoyanywa maji hayo.

Nalima nyanya Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru. Mfereji unaomwagilia mashamba ndio huo huo unaonywesha mifugo, na wasio na bomba nyumbani huteka humo. Siku za kupulizia, vijana huchanganyia dawa ukingoni na kusuuzia bomba la mgongoni ndani ya maji. Mwaka 2019 ndama wangu wawili walikunywa asubuhi, wakaanza kutokwa mate na kutetemeka, na adhuhuri haikuwakuta hai. Nikachota maji kwa chupa ya mafuta ya kupikia, nikapanda basi hadi mjini. Maabara wakanirudisha: wanataka chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, lita nzima, ikae kwenye barafu, maana dawa nyingine hunata kwenye plastiki na nyingine huharibiwa na jua. Nani aliwahi kutuambia hilo kijijini? Nikachota tena siku ya nne, nikalipa. Majibu yakaja baada ya wiki tano: hakuna kilichoonekana. Kingeonekana nini, Mhariri, na maji ya siku ile yalishakwenda zake? Wiki zote hizo wajukuu zangu walikuwa wanakunywa humo humo.

Kifaa chenyewe hamkukieleza. Leza ikigonga molekuli, sehemu ndogo mno ya mwanga hurudi imebadilika rangi, na kila kemikali huibadilisha kwa namna yake; hiyo ndiyo alama yake. Mwanafizikia Raman aliligundua hilo India mwaka 1928. Lakini kinachotafutwa ni kidogo sana. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja kwa lita ya maji ya kunywa, yaani gramu moja ndani ya lita milioni 10, ndiyo maana huongezwa chembechembe za fedha au dhahabu kuikuza alama hiyo. Na kifaa hutambua zile dawa tu ambazo alama zake kimewekewa. Kimewekewa za madukani kwetu? Huku dawa huuzwa kwenye chupa za soda zisizo na lebo, na zenye lebo zimeandikwa kwa herufi za kupofusha macho, kwa lugha asiyoisoma mkulima. Muuzaji mwenyewe ukimuuliza anauza nini, anakutajia bei.

Kifaa kimoja kikabidhiwe kamati yetu ya mfereji, kilale zahanati penye umeme. Kipime pale maji yanapogawanywa na pale akina mama wanapoteka, kila asubuhi baada ya siku ya kupulizia. Majibu yaandikwe ubaoni kwa chaki: jina la dawa, kiasi, saa. Kikionyesha kitu, mfereji ufungwe siku hiyo hiyo na sampuli iende maabara kuthibitishwa. Chupa za kioo nitanunua mimi, kreti nzima.

Mkulima wa nyanya,
Ngarenanyuki, Arumeru