Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Asili za Wahusika na Kanuni za Meza

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya chama chetu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika katika simulizi na dadu huamua matokeo, imeshughulika zaidi na mambo mawili: asili za wahusika, yaani maisha yao ya kabla ya safari, tunazojitungia wenyewe, na kanuni za meza, yaani zile ambazo kila kundi huziongeza au kuzipunguza juu ya kitabu cha kanuni za mchezo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Maktaba ya vitabu na dadu inaendelea kuazimisha kama kawaida, na nawashukuru wanaoitunza.

Nianze na daftari la asili, tunamokusanya zile walizotunga wanachama, kwa kuwa ndilo lililotutoa jasho. Wanachama wapya wajue kwamba katika Dungeons & Dragons ya 2014, asili ilimpa mhusika ujuzi wa aina mbili, lugha au vifaa viwili, mali kidogo ya kuanzia safari, na juu ya hayo haki fulani katika ulimwengu anamoishi. Baharia alipata nafasi chomboni bila nauli. Mtumishi wa hekalu alipokewa na waumini wenzake popote walipo. Toleo la 2024 limeziondoa haki hizo. Sasa asili ndiyo inayopandisha alama za uwezo: ama mbili kwa uwezo mmoja na moja kwa mwingine, ama moja moja kwa zote tatu zilizoorodheshwa, pamoja na kipaji cha kuanzia. Matokeo tumeyaona mezani. Mchawi anakuwa msomi kwa sababu usomi unaongeza akili, mpiganaji anakuwa askari kwa sababu uaskari unaongeza nguvu, na swali la mtu huyu katokea wapi halipati nafasi ya kuulizwa.

Kamati inaamini kwamba asili nzuri ni ile inayomwachia mhusika watu. Awepo anayemdai, awepo anayemkumbuka kwa wema au kwa ubaya, na uwepo mlango mmoja unaofunguka kwake na kubaki umefungwa kwa wengine. Kwa hiyo daftari letu linafuata mgao wa alama wa 2024, ili asili zetu zisizidi wala kupungukiwa zikiwekwa kando ya zile za kitabuni, lakini tumeirudisha ile haki ya zamani, na kila haki tumeiambatanisha na gharama.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, maana ndani yake kuna kazi yote. Mwanachama mmoja alileta asili ya mkaguzi wa mizani, mtu aliyekulia sokoni akipima mawe ya wafanyabiashara kwa amri ya mtawala. Ni wazo zuri sana. Ujuzi wake ni kusoma nia za watu na kuchunguza, na kifaa chake ni mizani. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba mkaguzi hawezi kudanganywa kuhusu bei wala uzito. Tulipoipeleka mezani, kila mazungumzo ya kununua na kuuza yalikwisha kabla hayajaanza, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushindania. Mtunzi akaiandika upya: mkaguzi anaweza kudai mizani yoyote ikaguliwe mbele ya watu, na hakuna mfanyabiashara anayethubutu kukataa hadharani, ila kila aliyeumbuliwa hulikumbuka jina lake. Kikao kilichofuata, wachezaji walikesha katika mji ambao nusu ya wauzaji wake walikuwa na kisasi naye, na msimamizi, yaani anayeusimulia mchezo, hakuhitaji kutunga adui mwingine. Hapo ndipo tulipopata kipimo chetu: haki ya asili isifute kutupa dadu, bali imfikishe mchezaji mahali penye jambo la kutupia dadu.

Asili ya mkalimani wa mpakani na ya mchimba makaburi nazo zimepita. Ile ya mwana wa mfalme aliyefichwa tumeirudisha kwa mtunzi, kwa kuwa ina fahari nyingi na haina deni hata moja.

Wapo wanaotaka kuchapisha kazi zao nje ya chama. Kanuni za msingi za toleo la 5, yaani lile la 2014, ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, CC BY 4.0, Januari 2023, na za toleo jipya la 2024 zikafuata mwaka 2025. Unaruhusiwa kujenga juu yake, hata kuuza, mradi utaje chanzo kama leseni inavyotaka. Ila angalieni: hati ya 2023 ina asili moja tu, ya mtumishi wa hekalu, na ile ya 2025 ina nne. Nyingine zilizomo katika vitabu hazimo katika leseni hiyo. Tungeni zenu, msinakili.

Sasa kanuni za meza. Kuna wanachama wanaoona kugusa kitabu ni kukivunjia heshima. Nawaelewa, lakini mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kugusa vitabu. Dave Arneson aliongoza ulimwengu wake wa Blackmoor kwa kanuni za michezo ya vita zilizorekebishwa mezani kadiri walivyocheza, na kutokana na kazi hiyo yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Hata kanuni ya kunywa dawa ya uponyaji bila kupoteza tendo lako kuu la zamu ilikuwa ya mezani kwa miaka mingi kabla ya kitabu cha 2024 kuikubali.

Tunachodai ni kwamba kila kanuni iandikwe pamoja na shida inayoitibu. Tulipoanza kudai hivyo, baadhi zilianguka zenyewe. Kanuni ya maafa, inayomwadhibu mchezaji kila anapotupa 1 kwenye dadu ya pande 20 ya kushambulia, ilikuwa kipenzi cha makundi kadhaa. Lakini mpiganaji wa kiwango cha juu anayeshambulia mara nne kwa zamu moja ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 18 wa kupata maafa zamu hiyo, ilhali mwanafunzi anayeshambulia mara moja ana asilimia 5 tu. Bingwa anaangusha upanga wake mara nyingi kuliko mwanagenzi! Kamati imeiondoa katika meza zote za chama.

Kanuni ya pigo kuu ilituchukua muda zaidi. Kitabuni, ukitupa 20 katika shambulio unaongeza maradufu dadu za madhara. Upanga mkubwa hutupa dadu mbili za pande 6, hivyo pigo kuu ni dadu nne, na dadu nne zinaweza kutoa 4 tu, jambo linalovunja moyo kweli. Wengi wetu huhesabu dadu za kwanza kwa thamani yake ya juu kabisa, kisha hutupa zile za ziada, na upanga huo haushuki tena chini ya 14. Ni tiba halali ya shida halali. Tatizo ni kwamba mazimwi nao hutupa 20. Goblini, zimwi dogo, mwenye upanga mdogo wa dadu moja ya pande 6 na nyongeza ya 2 hatapungua 9 kwa kanuni hiyo, na mchawi wa kiwango cha kwanza mwenye uhai wa 8 huanguka bila hata dadu kuulizwa. Tumekubaliana ianze kutumika kiwango cha tatu, kwa pande zote mbili. Wanaotaka iwe ya wahusika peke yao wamesikilizwa. Mimi binafsi napinga, kwa kuwa hofu ya 20 ya adui ni sehemu ya furaha ya meza, na hoja hiyo itapigiwa kura leo.

Kanuni mpya zote sasa hujaribiwa kwa vikao vitatu, kisha kundi huamua kuzibakiza au kuzifuta. Asiyeridhika ana haki ya kusema kabla ya kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya safari moja, kuanza, katika kile kikao cha maandalizi, na pia katikati ya safari.

Nafasi ya mhariri wa daftari iko wazi baada ya aliyekuwepo kumaliza muhula wake. Wenye nia wampe katibu majina yao kabla ya kura, na rasimu za asili za mwaka ujao zipokelewe naye kuanzia leo, kila moja ikiwa na haki yake na gharama yake.