Nani kawaambia wasichana hawapendi hesabu?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya matokeo ya kidato cha nne huku kusini imenikera mpaka nimekosa usingizi. Mmeandika wavulana wamewaacha wasichana kwenye hesabu na fizikia, alafu mkamweka mtu anasema wasichana "hawapendi" masomo hayo. Nani kawauliza?

Mi nipo Newala, nina mapacha, wa kike na wa kiume, kidato cha tatu, darasa moja, mwalimu mmoja. Huku juu hatuna mto, maji yanasukumwa na mashine kutoka bondeni na bomba likikata limekata. Mwezi wa kumi lilikata, na msimu wa korosho ushaanza, mi naamkia shamba, binti yangu akawa anatoka saa kumi alfajiri na dumu la lita 20 kupanga foleni. Siku ya jaribio la hesabu natoka shamba saa tatu na kiroba kichwani, napita shuleni namkuta kapigishwa magoti nje ya geti, kachelewa, sare imelowa mgongo mzima na mkono mwekundu kwa kushika dumu, na kaka yake yupo ndani anaandika jaribio, kalala mpaka asubuhi, kaoga maji yaleyale aliyobeba dada yake! Kaka kapata 61, dada kaingizwa dakika za mwisho kapata 28, na ripoti imeandikwa "aongeze bidii". Bidii gani tena jamani? Na ndio, mi ndo niliyekuwa namtuma, maana ndo nilivyolelewa, na inaniuma mpaka leo. Sasa wanapokezana, na majirani wananisema eti mtoto wa kiume namfanya mwali.

Na hao wavulana msiwasifie sana, mbona hamkuwahesabu walioacha? Siku hizi nchini wasichana wanaokaa kwenye mtihani wa kidato cha nne ni wengi kuliko wavulana, wa kwetu wengine wako stendi na bodaboda, hela ya mnada wa korosho ikiingia tu baba kashanunua pikipiki, daftari la dada mtu mpaka aombe wiki nzima.

Mi naomba hivi, kila shule ya kutwa huku juu iwekewe tenki la lita elfu 10, mvua za Desemba mpaka Aprili zinamwagika bure kwenye mabati, lijazwe, lifungwe kufuli mpaka mwezi wa tisa, hapo ni madumu 500, kila mtoto wa kike na wa kiume abebe lake akitoka saa tisa. Na mpaka hilo tenki lije, jaribio la hesabu lianze saa nne.

Mama wa mapacha,
Newala