Barua kwa mwanangu anayeanza kazi kwa wagonjwa mahututi

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulisema kuhusu yule kijana wa ajali kwamba ni teja na amejitakia. Ulikuwa umechoka, sikutaka kubishana. Lakini nimeuguza watu kama yeye miaka mingi, na kauli hiyo ikizoeleka wodini inaweza kuua.

Mtumiaji wa heroini akivunjika mbavu huumia kama mtu mwingine yeyote, pengine zaidi. Mwili wake umeshazoea dawa za jamii hiyo, kwa hiyo mofini inayomtuliza mgonjwa wa kitanda cha jirani, kwake haifui dafu. Akiomba aongezewe, anaambiwa anatafuta stimu. Basi anabaki na maumivu yake: havuti pumzi ya kutosha, anaogopa kukohoa, makohozi yanatuama kifuani, nimonia inaingia. Hapo lawama si ya heroini peke yake.

Halafu kuna arosto, yale mateso ya mwili ukiikosa dawa uliyoizoea. Ya heroini huanza kama saa 8 hadi 12 tangu dozi ya mwisho, pengine ndiyo kwanza ametolewa chumba cha upasuaji. Mwenye mrija wa kupumulia hawezi kukueleza lolote, kwa hiyo mtazame. Machozi na kamasi vinamtiririka, vinyweleo vimesimama, mboni zimetanuka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ila jasho na moyo kwenda mbio ni dalili pia za mtu anayevuja damu ndani. Usiseme "ni arosto tu" kabla hamjaitafuta hiyo damu.

Pombe ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kufa. Degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka hufuata, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 4: anatetemeka, anaona visivyokuwepo, anang'oa mirija. Kama aliumia kichwa, utajiuliza ni pombe au ni ubongo unaovuja damu. Mwite daktari, msibahatishe. Na mkumbushe vitamini B1 mapema. Husahaulika mno, nalo linaniudhi.

Ndiyo maana nakusihi uulize. Muulize faragha, mama yake asiwepo, askari asiwepo: unatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini? Akiona dharau usoni mwako atakudanganya, na daktari wa usingizi atapanga dozi kwa uongo huo. Kama hawezi kusema, mtafute rafiki yake aliyekuja naye. Akiwa yuko kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, wapigieni kliniki yake wathibitishe dozi, isije ikakatwa kimyakimya.

Jambo la mwisho ni siku ya ruhusa. Amelala hospitali wiki kadhaa, amepona mfupa, na mwili umepoteza ule uzoefu wake. Akirudia kipimo alichokuwa akitumia kabla ya ajali, kinaweza kumkatisha pumzi. Mwambie hivyo waziwazi, umwelekeze kwenye tiba ya uraibu, na kama anaridhia, ndugu zake nao wasikie na wapewe naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, wafundishwe kuitumia. Fanya hayo kabla hajakabidhiwa nguo zake.

Nakupenda sana.

Mama yako